Christchurch 1974 au Tokyo 2025: Lipi Fanikio Kubwa Kuliko Yote la Michezo Tanzania?

Hotuba kwa walimu wa michezo na wanariadha vijana, Mwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa michezo mliotoka wilaya zote za mkoa huu, ndugu zetu mliokuja kwa meli kutoka Ukerewe na mliopita daraja la Kigongo–Busisi kutoka Sengerema, wazee wangu, shikamooni. Wanariadha vijana, hamjambo.

Nimepewa swali moja na nimeombwa nisilikwepe: katika yote ambayo Watanzania wamefanya viwanjani tangu tupate Uhuru, ni lipi kubwa kuliko yote? Nitalijibu mapema, ili mnaopinga mpate muda wa kuandaa hoja zenu wakati nazungumza. Jibu langu ni mbio za mita 1500 zilizokimbiwa Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambazo Filbert Bayi alishinda kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Najua kwamba humu ukumbini wamo wengi ambao wangetaja Tokyo 2025, na wamo ndugu zetu wa upande wa Mara ambao hawatanisamehe nikimaliza bila kumtaja Suleiman Nyambui. Nitawafikia wote.

Swali hili lilikuwa limelala kwa miaka mingi, na aliyeliamsha ni Alphonce Simbu. Marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, aliyoishinda yeye, ilimalizika Tokyo wakati kwetu bado ni usiku, kwa hiyo tulioamka asubuhi ya Septemba 15, 2025 tuliikuta habari imeshazagaa. Siku hiyo nilikuwa Mwaloni Kirumba, mahali ambapo ubishi wa kila siku ni wa Simba na Yanga, nikawasikia wapakiaji wa magunia ya dagaa wakibishana kuhusu riadha. Kijana mmoja, gunia likiwa bado begani, alisema kwamba dhahabu ni dhahabu, na kwa kuwa hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuleta dhahabu ya dunia, mjadala umefungwa. Mfanyabiashara wa makamo aliyekuwa akihesabu magunia yake akamjibu kwamba Bayi alikuwa na rekodi ya dunia, na mwenye rekodi ya dunia amekimbia ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kukimbia kabla yake. Kijana akauliza, “Bayi yupi huyo?”

Sikumlaumu kijana yule. Hakufundishwa, na wa kumfundisha tulikuwa sisi tuliomo humu. Kitu kimoja tu ningemsahihisha, nacho ni kwamba Fabiano Joseph alishinda nusu marathoni ya dunia huko Edmonton, Kanada, mwaka 2005, na ushindi ule nao tumeusahau kwa kasi ya kuhuzunisha.

Kabla sijaanza kulinganisha, niseme napima kwa kutumia nini. Medali peke yake hainitoshi, kwa sababu medali inaeleza mtu alikuwa wa ngapi siku ile na haielezi alikuwa na nani. Naangalia kwanza ni akina nani walikuwepo ili washindwe, kisha naangalia walishindwa kwa namna gani, na mwisho nauliza kama baada ya siku ile mchezo wenyewe ulibaki kama ulivyokuwa. Mtu anaweza kukataa vipimo hivi, lakini akivikataa atuambie anatumia vipi, maana mjadala mwingi wa michezo nchini mwetu ni wa watu wanaopimiana kwa mizani tofauti bila kuambiana.

Mpira wa miguu nitaupitia kwa haraka, ingawa ndio unaopendwa. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola liliipa Taifa Stars sare na Zambia na nafasi ya kwenda Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, na baada ya hapo tulisubiri hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa nyumbani na Stella ya Abidjan. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger, na mwaka 2025 Simba ilipoteza fainali ya kombe hilo hilo kwa RS Berkane. Mimi nimekua nikiishangilia Pamba pale CCM Kirumba, nikaisubiri miaka yote ile hadi iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, kwa hiyo siwezi kusema kwamba furaha ya mpira ni ndogo. Hata hivyo kufuzu, na hata kufika fainali, ni hatua za njiani.

Katika mpira tukio ninaloliweka juu ya mengine yote halitajwi kabisa vijiweni. Oktoba 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India na kuwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Walifungwa 4–0 na Japani katika mechi ya kwanza, kipigo ambacho kingeweza kuivunja moyo timu ya watu wazima, lakini siku chache baadaye waliifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, na wakaingia robo fainali, ambako walitolewa na Kolombia iliyokwenda hadi fainali. Tafakarini hilo. Nchi ambayo timu yake ya wanaume haijawahi kucheza Kombe la Dunia ilikuwa na wasichana miongoni mwa timu nane bora za dunia za umri wao, na wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja wao kwa jina. Walimu mnaofundisha wasichana, hili nawaachia, kwa sababu ninaamini kwamba tungelipa uzito wake lingekuwa la tatu au la nne katika orodha ya nchi.

Wapo wanaosema kwamba hakuna kilichozidi alichofanya John Stephen Akhwari mjini Mexico City mwaka 1968, na ninawaelewa. Mzee Akhwari aliumia goti katikati ya marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea hadi akaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile kwa ajili ya kuanza mbio, ilimtuma akazimalize, yanajulikana dunia nzima. Kinachonisumbua ni kwamba dunia imeyapenda maneno hayo kiasi cha kumsahau mkimbiaji. Akhwari alikuwa mwanamarathoni hodari, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 alishika nafasi ya tano. Alikwenda Mexico kushindana, hakwenda ili ahurumiwe. Ndiyo maana sioni haki kulifanya goti lake liwe kilele cha michezo yetu, kana kwamba Mtanzania anavutia zaidi anapochechemea kuliko anapoongoza. Ujasiri wake tuuheshimu kama ujasiri, na tuendelee kumtafuta aliyeshinda.

Sasa nageukia upande wa Mara. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi mkazi wa ziwa hili ningependa sana fanikio kubwa kuliko yote litoke Majita, ambako Suleiman Nyambui alizaliwa, karibu na maji haya haya. Agosti 1, 1980, mjini Moscow, alikimbia fainali ya mita 5000 akiwa sambamba na Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekuwa ameshashinda mita 10,000, na katika mita za mwisho Yifter akachomoka kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Yifter alimaliza kwa 13:20.91 na Nyambui kwa 13:21.60. Siku moja kabla, Bayi naye alikuwa amepata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Hizo fedha mbili, zilizopatikana ndani ya saa ishirini na nne na kitu, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata, kuanzia mara ya kwanza tulipopeleka wanariadha wetu hadi Paris 2024. Nyambui hakuishia hapo, kwani alikuja kushinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, mwaka 1987 na 1988, na bado katika shule za kanda hii jina lake halisikiki inavyostahili.

Fedha za Moscow zina uzito mwingine unaotoka nje ya uwanja. Marekani ilikuwa inazishawishi nchi zisusie michezo ile, na Rais Jimmy Carter akamtuma Muhammad Ali barani Afrika kwa kazi hiyo. Ali alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tulikwenda Moscow kwa uamuzi wetu wenyewe. Lakini kwa kipimo nilichokitaja lazima niseme ukweli wote: Kenya haikuwepo, na kwa hiyo Henry Rono, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 5000 na ile ya kuruka viunzi na maji, hakuwepo. Kosa hilo si la Nyambui wala la Bayi. Ila ninapouliza ni nani walikuwepo ili washindwe, Moscow inabaki na pengo ambalo Christchurch haikuwa nalo.

Christchurch walikuwepo wote waliostahili kuwepo, isipokuwa Wamarekani na Wazungu wa Ulaya bara ambao si wa Jumuiya ya Madola. Alikuwepo Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo ile ile alikuwa ameshashinda mita 5000 na viunzi na maji. Alikuwepo Rod Dixon wa New Zealand, mshindi wa shaba ya mita 1500 ya Olimpiki ya Munich, akikimbia nyumbani. Alikuwepo John Walker, kijana mwingine wa nyumbani ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa Olimpiki. Walikuwepo Graham Crouch wa Australia na Brendan Foster wa Uingereza. Bayi alikuwa na umri wa miaka 20. Mwaka mmoja kabla, huko Lagos, alikuwa amemshinda Kipchoge Keino katika Michezo ya Afrika, lakini wengi nje ya bara hili waliona kwamba mtindo wake wa kukimbia ni wa kijana asiyejua hesabu.

Wanariadha vijana, hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu mnakimbia mbio hizi hizi. Katika fainali ya mita 1500 kila mtu alifundishwa, na bado anafundishwa, kwamba asiongoze. Anayeongoza anapasua upepo kwa ajili ya wengine, hawaoni walio nyuma yake, na anakuwa alama ya kulengwa katika mita 200 za mwisho. Rekodi za dunia zilikuwa zikitafutwa katika mbio zilizopangwa, ambamo mwingine hukubali kukimbia mbele kwa mizunguko miwili kisha akatoka. Bayi hakuwa na mtu wa kumtolea kasi. Bastola ilipolia aliondoka kana kwamba mbio ni za mita 800, akapita mita 800 za kwanza kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, akiwa ameacha nafasi ambayo mtazamaji angeweza kuiona akiwa jukwaa la juu kabisa. Jipcho, Walker na Dixon walikuwa nyuma wakimsubiri achoke, kama kanuni ilivyosema atachoka.

Na alichoka. Hilo ndilo linalonifanya niipende mbio ile kuliko nyingine zote. Katika mzunguko wa mwisho nafasi ilianza kupungua, Jipcho akasogea, Walker akapita Jipcho, na walipoingia mita 100 za mwisho uwanja mzima wa New Zealand ulikuwa ukimsukuma Walker kwa sauti. Bayi aligeuza kichwa kutazama, akaona hatari, akaongeza hatua ambazo kwa hesabu za wataalamu hakupaswa kuwa nazo tena. Walker alimaliza kwa 3:32.52, na hata yeye wa pili alikuwa ameipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyokuwa imesimama tangu 1967. Jipcho alimaliza kwa 3:33.16, Dixon kwa 3:33.89 na Crouch kwa 3:34.22. Maana yake ni kwamba Bayi hakuvunja rekodi akiwa peke yake. Kasi yake iliwavuta wengine wakafika mahali ambapo hawakuwahi kufika.

Rekodi ya dunia ilidumu hadi 1979, alipoivunja Sebastian Coe. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham mwaka 2022. Viatu vilibadilika, viwanja vikabadilika, mazoezi yakawa sayansi, wakapita mabingwa wa kila namna katika michezo hiyo, na muda wa kijana wa Karatu ukabaki pale pale. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliongeza na rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0, kwa mtindo ule ule wa kuongoza, ingawa Walker aliichukua baadaye mwaka huo huo.

Nafika sasa kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi, kwamba Bayi hakuwahi kupata dhahabu ya Olimpiki, kwa hiyo Christchurch ibaki kuwa mashindano ya daraja la pili. Ndugu zangu, hoja hii sisi Watanzania hatuna haki ya kuitoa. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, katika kipindi kile kile ambacho watoto wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi. Kwa kupinga New Zealand kuruhusiwa kushiriki, Tanzania ilijitoa katika Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za Afrika. Mimi naamini kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningependa watoto wetu waufahamu. Lakini gharama yake haikulipwa na serikali wala na wananchi kwa ujumla. Ililipwa na kijana mwenye miaka 23 aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, ambaye dunia nzima ilikuwa inasubiri kumwona akikutana tena na Walker. Fainali ya mita 1500 ya Montreal ilikimbiwa polepole, kila mtu akimvizia mwenzake, na Walker akaishinda kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Sisemi kwamba Bayi angeshinda, kwa sababu mbio hazikimbiwi kwa kalamu. Nasema kwamba taifa lililomwambia asiende haliwezi kurudi miaka hamsini baadaye likamdai medali ya safari ambayo lenyewe lilimzuia, na kwamba Christchurch ndiyo mahali pekee ambapo tunaweza kuona kwa ukamilifu kile tulichokitoa mwaka 1976.

Nimerudi kwa Simbu, kama nilivyoahidi. Alichofanya Tokyo hakina mfano katika historia yetu. Baada ya kilomita 42 katika joto la asubuhi, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele yake ndani ya uwanja, na Simbu akamfikia kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48, na ilibidi picha itazamwe ili ijulikane kwamba tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Kabla ya hapo medali zetu katika mashindano hayo zilikuwa fedha ya Christopher Isengwe mwaka 2005 na shaba ya Simbu mwenyewe mwaka 2017. Ni mtu aliyekuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio, wa saba katika ile ya Tokyo, wa pili Birmingham na wa pili Boston, akaendelea kurudi kila mwaka bila kukata tamaa. Kwa uvumilivu wa kazi nzima ya maisha ya mchezo, namweka juu ya Bayi.

Lakini tulikubaliana kuangalia nani walikuwepo. Marathoni ya mashindano ya dunia siku hizi huangukia karibu na marathoni za miji mikubwa zinazolipa vizuri, na wenye kasi kubwa zaidi wengi huchagua hizo. Siku sita baada ya Tokyo, Sabastian Sawe wa Kenya alishinda Berlin kwa 2:02:16. Joto la Tokyo na njia ya Berlin havilinganishwi, na bingwa ni yule anayewashinda waliokuja, kwa hiyo hili halimpunguzii Simbu dhahabu yake hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini, nikiulizwa ni siku gani Mtanzania aliwashinda walio bora kabisa, kwa njia waliyosema haiwezekani, akaacha muda ambao dunia ilihitaji miaka kuufikia, nataja Februari 2, 1974 kwanza na Septemba 15, 2025 ya pili.

Nafasi hizo si za milele. Olimpiki ya Los Angeles ni mwaka 2028, na Mtanzania yeyote atakayerudi na dhahabu kutoka huko, ya kwanza katika historia yetu, akiwa amekutana na Wakenya na Waethiopia waliotimia, atanilazimu nifungue upya hesabu hii, nami nitaifungua kwa furaha. Mwenyekiti, naona mikono mingi imeshanyooshwa upande wa Mara tangu nilipotaja Moscow. Naomba waanze wao.